Mashine ya kufulia inaangusha RCD ikianza kupasha maji: hita au bodi?

Mkazi_Kigamboni

Wakuu, habari zenu. Naomba msaada wa wenye ujuzi wa mashine za kufulia.

Mashine ni ya mlango wa mbele, kilo 7, mota ya inveta. Nikiweka programu ya pamba nyuzi 40, inafunga mlango, inavuta maji, ngoma inazunguka kama kawaida. Ikifika dakika ya sita au ya saba, RCD ya kwenye boksi la umeme (swichi ya usalama inayokata umeme ukivuja) inaanguka, nyumba nzima giza. Sakiti breka ya soketi hiyo inabaki juu. Nikiirudisha RCD na kuanza upya, inaanguka tena pale pale. Lakini nikiweka programu ya maji baridi inafua, inasuuza na kukamua hadi mwisho bila shida yoyote.

Fundi aliyekuja amepima hita kwa multimita, akapata omu 27, akasema hita ni nzima na kilichokufa ni bodi, ile saketi inayoongoza mashine. Bodi mpya bei yake inakaribia nusu ya mashine. Maji tunayotumia ni ya kisima na yana chumvi. Soketi ina ethi na mashine haishtui ukiigusa. Kabla sijatoa hela ya bodi, je, kuna kipimo kingine cha kufanya?

mzee_wa_mita

Mkuu, hela ya bodi iache kwanza mfukoni. Omu 27 ni jibu sahihi la swali lisilo lako. Kipimo hicho kinasema waya wa ndani ya hita haujakatika: volti 230 mara 230, gawanya kwa 27, unapata wati 1,960, yaani hita ya wati 2,000 kama zilivyo nyingi za mashine za kilo 7. Hakisemi chochote kuhusu umeme unaotoroka kutoka kwenye waya kwenda kwenye mwili wa hita, na RCD inaangalia hilo peke yake.

RCD haijali mashine inakula umeme mwingi kiasi gani. Inalinganisha umeme unaotoka kwa laivu na unaorudi kwa nyutro. Ya nyumbani kwa kawaida imeandikwa 30mA, na kwa kiwango chake inaruhusiwa kuanguka popote kati ya miliampea 15 na 30. Hita yako inavuta ampea 8 na nusu. Ikipotea hapo sehemu moja katika mia tatu tu, nyumba imezima. Sakiti breka haihisi kitu kwa sababu kwake mzigo ni ule ule, ndiyo maana unaikuta juu.

Sasa jinsi hita inavyooza. Ndani yake kuna waya mwembamba wa nikromu uliojisokota, umepita katikati ya bomba la chuma kisichoshika kutu, na nafasi iliyobaki imeshindiliwa unga mweupe wa oksidi ya magnesi. Unga huo unapitisha joto lakini haupitishi umeme, ilimradi uwe mkavu. Bomba likipata tundu la ukubwa wa ncha ya sindano, au ile lakiri ya kwenye ncha za hita ikipasuka, maji yanaingia kwenye unga. Waya bado mzima, kwa hiyo mita itaendelea kukupa omu 27 zako kila siku, huku umeme ukivuja kupitia unga uliolowa hadi kwenye bomba na ethi. Maji ya chumvi ndiyo yanayotoboa: kloridi inakula chuma hicho kwa vidoa vidogo vidogo, hasa chini ya magamba ya chokaa ambako chuma kinapata joto kupita kiasi.

Pima hivi. Chomoa plagi ukutani, usitegemee swichi ya soketi. Mwaga maji kupitia chujio la pampu la chini mbele. Ikiwa hita iko nyuma fungua kifuniko cha nyuma. Samsung nyingi inakaa mbele, kwa hiyo tumia tochi uhakikishe kabla ya kufungua skrubu bure. Utaona sehemu ya chini ya tangi bamba dogo lenye ncha mbili za kuchomeka waya mnene, nati katikati, na kihisi joto chenye waya mbili nyembamba. Piga picha.

Chomoa waya ZOTE MBILI za hita. Ukiacha mmoja utakuwa unapima bodi na kichujio cha umeme pamoja na hita, na jibu halitakuwa na maana. Weka mita kwenye mega-omu 20. Ncha moja ya mita iguse ncha ya hita, nyingine iguse bamba la hita au mguu wa ethi. Rudia kwa ncha ya pili. Usishike ncha za mita kwa vidole vyote viwili, mwili wako nao utasomeka. Hita nzima haionyeshi kitu, mita inabaki OL (yaani upinzani umezidi uwezo wa mita). Ukiona namba yoyote chini ya mega-omu 2, hita hiyo ni mtuhumiwa.

Bwana_Waya

Naunga mkono, na niongeze kitu kitakachomsaidia na mwingine atakayefika hapa na tatizo linalofanana. Angalia RCD inaanguka WAKATI GANI. Saa yenyewe inakutajia kifaa.

Ikianguka pale tu unapochomeka plagi, hata hujabonyeza kitufe cha kuwasha, angalia kwanza kichujio cha umeme, kile kidude cha boksi au silinda kilichopo mara tu waya wa ukutani unapoingia ndani. Ikianguka wakati mashine inaanza kuvuta maji, ni koili ya valvu ya maji au maji yanadondokea kwenye plagi zake. Koili nzima husoma kati ya kilo-omu 3 na 4 na nusu. Ikianguka inapoanza kumwaga, ni pampu. Koili ya pampu nyingi iko kwenye omu 150 hadi 200, lakini nayo ipime kwenda ethi, siyo koili tu.

Ikianguka wakati wa kukamua kwa kasi ni habari ya mota. Mota ya kaboni inajaa vumbi jeusi la kaboni, na vumbi hilo linapitisha umeme hadi kwenye mwili wa mota. Toa mota, pulizia, kaboni zikiwa zimebaki chini ya sentimita moja badilisha zote mbili kwa pamoja. Ya inveta haina kaboni, kwa hiyo tafuta michirizi ya kutu ikitoka katikati ya tangi kwa nyuma: sili ya beringi imekufa na maji yanarushwa kwenye mota.

Na ikianguka dakika kadhaa baada ya maji kuingia, huku maji ya baridi hayana shida, ni hita. Kesi ya mkuu wa Kigamboni ni hii hii.

Kwa wenye mashine zinazofua na kukausha kwa pamoja: mna hita mbili. Ya pili iko juu, kwenye njia ya hewa. Ikianguka wakati wa kukausha tu, msifungue ya chini.

Binti_Likoni

Ndugu zangu, kuna mtego hapo wa kutaja hita kwa saa. Bodi nyingi zinakata upande mmoja tu wa hita kwa rilei (swichi inayoendeshwa na bodi), upande wa pili unabaki umeunganishwa moja kwa moja. Kama upande uliobaki ni laivu, hita iliyotoboka itaangusha RCD mara tu mashine ikipata stima, hata kwa programu ya baridi. Mtu atabadilisha kichujio na valvu bila kufika popote. Kama uliobaki ni nyutro, mambo yanachanganya zaidi: mashine imezimwa imetulia, halafu mtu akiwasha pasi au birika chumba cha pili, RCD inaanguka. Lawama anabeba birika. Sababu ni kwamba nyutro imegusana na ethi ndani ya hita, na mzigo mkubwa ukiwashwa sehemu ya umeme wa kurudi inapita ethi. Soketi zetu za pini tatu bapa swichi yake hukata laivu peke yake, kwa hiyo kuzima swichi hakusaidii. Chomoa plagi kabisa. Tatizo likitoweka, basi ni mashine.

Kwa asiye na mita ipo njia nyingine. Chomoa waya mbili za hita, kila mmoja uufunge peke yake kwa tepu ya umeme, usiache ncha iguse chuma, funga kifuniko, kisha endesha programu ile ile ya MOTO iliyokuwa ikiangusha. Nasema ya moto kwa makusudi, kwani wengi hujaribu kwa maji baridi, na maji baridi hayakuwa na tatizo tangu mwanzo. Ikipita dakika kumi na tano bila kuanguka, hita ndiyo mbovu. Baadaye mashine italalamika kwamba maji hayapati moto, hilo ni kawaida, izime.

Mkazi_Kigamboni

Asanteni sana wakuu. Nimefungua, kwangu hita iko nyuma. Nimechomoa waya zote mbili. Kutoka ncha ya kushoto kwenda kwenye bamba mita inaonyesha mega-omu 6 na inacheza cheza, ncha ya kulia inaonyesha 5 na kidogo. Ziko juu ya 2. Sasa ina maana hita imepona na ni bodi kweli?

mzee_wa_mita

Hapana mkuu, na umefanya vizuri kusema inacheza. Hita nzima haichezi, inakaa OL kimya.

Multimita inapima kwa volti chache za betri yake, na wewe umepima hita ya baridi, pengine na tangi likiwa tupu. Ikiwa kazini inapata volti 230, iko ndani ya maji, na bomba lake lina joto kuliko maji yenyewe. Unga ukishika joto upinzani wake unashuka sana, na kama una unyevu unashuka zaidi. Fundi mwenye mega (mita maalumu ya kupima uvujaji kwa volti kubwa) ya volti 500 angeiumbua hita hiyo mara moja. Kama huna, fanya hivi.

Waya za hita zikiwa bado zimechomolewa na plagi iko nje ya ukuta, mimina ndani ya ngoma lita 8 hadi 10 za maji ya moto, siyo yanayochemka, nyuzi 60 au 70 inatosha. Yataifunika hita. Subiri robo saa kisha pima tena ncha zote mbili kwenda kwenye bamba. Kausha bamba kwa kitambaa kwa nje kabla ya kupima, maana chumvi iliyoganda kati ya ncha na bamba nayo inapitisha umeme na inaweza kuisingizia hita.

Mkazi_Kigamboni

Nimekausha, nimefuta kwa spiriti, nimeweka maji ya moto. Mega-omu 6 imeshuka hadi kilo-omu 140, na bado inaendelea kushuka polepole.

mzee_wa_mita

Basi kesi imekwisha. Hita imetoboka. Bodi yako iko salama na imefanya kazi yake: imewasha rilei ya hita kwa wakati wake.

Pwani_Spea

Kabla hujaenda dukani toa hita ya zamani uibebe. Ukienda Kariakoo na jina la mashine tu utarudi na kitu kisichoingia. Vya kulinganisha ni wati, urefu wa hita kuanzia kwenye bamba, umbo la raba (yenye kingo ndefu na yenye kingo fupi zinafanana kwenye picha), ikiwa imenyooka au ina kona, na kama bamba lina tundu la kihisi joto. Namba ya modeli imebandikwa kwenye ukingo wa mlango au nyuma. Hita ya wati 1,900 mahali pa 2,000 haina neno, itachelewa dakika chache tu. Ya wati nyingi zaidi usiweke, rilei ya bodi imepangiwa mzigo wake.

Na ukiwa bado dukani mwombe muuzaji mita, pima ncha kwenda bamba. Hita mpya iliyokaa muda mrefu kwenye unyevu wa pwani inaweza kuvuta unyevu kupitia ncha zake. Ikionyesha namba badala ya OL, chukua nyingine.

Bwana_Waya

Kuitoa: nati ya katikati, mara nyingi spana namba 10, ilegeze hadi iwe sawa na ncha ya boliti, USIITOE yote. Kisha gonga boliti taratibu iingie ndani. Ile boliti ndiyo inayovuta bamba la ndani na kuikamua raba itanuke. Ikirudi ndani raba inalegea. Chomoa kihisi joto kwa kukivuta kwenye kishikio chake, siyo kwa waya. Halafu vuta hita huku ukiitikisa kushoto na kulia. Ikigoma ni magamba. Usiichokonoe kwa bisibisi kwenye plastiki ya tangi, ukipasua hapo huna mashine tena. Pitisha bisibisi bapa kati ya raba na bamba, ukizunguka kidogo kidogo.

Kihisi joto kipime ukiwa nacho mkononi. Nyingi husoma kilo-omu 10 hadi 12 kwenye joto la chumba, nyingine karibu 5. Namba yenyewe siyo kubwa kuliko mwenendo wake: kitumbukize kwenye kikombe cha maji ya moto, omu zishuke polepole bila kurukaruka. Kikiruka, nunua na chenyewe.

Tochi ndani ya tundu. Toa magamba, sarafu, pini na waya za sidiria. Waya wa sidiria ukikaa kati ya ngoma na hita ni sababu nyingine ya hita kutoboka, na ukiuacha utatoboa na hii mpya.

Kurudisha: pakaa raba sabuni ya maji ya vyombo. Silikoni hapana, raba haihitaji, na siku ya kuitoa tena utalia. Kwenye sakafu ya tangi kuna kishikizo cha chuma. Ncha ya mbele ya hita lazima iingie CHINI yake. Watu wengi wanakosea hapa. Hita isipoingia kwenye kishikizo inaelea, ngoma ikizungushwa na nguo nzito inaikwangua. Ukishaisukuma hadi mwisho, jaribu kuinua ncha zake za nje: isicheze. Zungusha ngoma kwa mkono mizunguko kadhaa usikilize. Kaza nati hadi raba ianze kutokeza kidogo pembeni, hapo simama.

Waya za hita zibane kwa nguvu. Kiunganishi kikilegea kwa ampea 8 kinaungua na kuyeyuka; ukikuta kimebadilika rangi kuwa kahawia, kata uweke kipya. Na waya wa ethi wa bamba urudi mahali pake.

Binti_Likoni

Na hilo la ethi nalisisitiza kwa sababu nalikuta kila mara. Mafundi wengine wakishindwa kupata kosa wanakata waya wa ethi wa mashine, au wanairuka RCD. Kweli, haianguki tena. Lakini sasa ule umeme uliokuwa ukivuja unakaa kwenye mwili wa mashine, unamsubiri anayefungua mlango akiwa miguu mitupu kwenye sakafu iliyolowa. Miliampea 30 zikipita kifuani zinaweza kuua. Ukikuta kazi ya namna hiyo kwako, usiitumie mashine hadi irudishwe ilivyokuwa.

Ila msichanganye hilo na mashine inayotekenya kidogo kwenye nyumba isiyo na ethi kabisa. Kichujio cha umeme kina kapasita mbili zinazounganisha laivu na nyutro na mwili wa mashine. Pasipo ethi, mwili unakaa kwenye karibu nusu ya volti 230, na multimita itakuonyesha volti mia na kitu. Umeme unaopita hapo ni mdogo mno na hita inaweza kuwa nzima kabisa. Dawa yake ni kuweka ethi, siyo kubadilisha spea.

Mkazi_Kigamboni

Nimeelewa. Swali la mwisho: maji ndiyo haya haya ya chumvi, hita mpya si itaoza tena? Naweza kuweka ndimu au siki?

mzee_wa_mita

Chokaa na chumvi ni vitu viwili. Asidi ya sitriki inatoa chokaa: gramu 100 ndani ya ngoma tupu, programu ya nyuzi 60, kila baada ya miezi miwili au mitatu kwa maji ya kisima. Ndimu zenyewe utahitaji nyingi mno, na siki kila wiki inachosha raba ya mlango. Usiweke asidi na jiki kwa pamoja hata siku moja, inatoa gesi ya klorini. Chumvi haitoki kwa asidi. Kinachosaidia ni kutoacha maji ya chumvi yakae: ukimaliza kufua acha mlango na droo ya sabuni wazi, na kama unavuna maji ya mvua au una ya bomba, fanya suuzo la mwisho kwa hayo. Nguo za kawaida fua kwa baridi au nyuzi 30, hita ipate muda mfupi kazini.

Ukishafunga hita, mzunguko wa kwanza uwe mtupu, nyuzi 60, kifuniko cha nyuma kikiwa wazi na watoto wakiwa mbali. Maji yakiingia tu, kabla ya hita kuwaka, chomoa plagi kisha pitisha kipande cha tishu chini ya bamba la hita. Tishu ikilowa, mwaga maji, kaza nati robo mzunguko, jaribu tena. Ikibaki kavu rudisha plagi, acha iendelee hadi maji yapate moto kweli, urudie tishu kwa mara ya pili ukiwa umechomoa plagi, kwa sababu raba ikipata joto inakaa upya. Kisha rudisha kifuniko na ubonyeze kitufe cha T kwenye RCD yenyewe. Imeanguka mara nyingi kwa kesi hii. Hakikisha bado inaanguka inapoambiwa.